Kona ya Michezo ya Watoto: Binti Anawafunga Watu Wazima Tenisi, Nimpeleke Dar?

Mwezi huu maswali mengi yametoka kusini, Mtwara na Lindi, na karibu yote ni ya tenisi, kitu ambacho kimenifurahisha mno maana tumezoea ukitaja kusini kwenye michezo watu wanakutajia Namungo na Ndanda basi. Nimechagua machache na yale marefu sana nimeyafupisha. Twende.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni mama, niko Mtwara mjini maeneo ya Shangani. Nina binti wa miaka 11, alianza kwa kuwaokotea mipira watu wazima wanaocheza jioni, wakampa raketi ya zamani, sasa hivi baadhi yao anawafunga. Mzee mmoja pale kiwanjani kila siku ananiambia huyu mtoto anapotea bure, nimpeleke Dar akakae kwa shangazi yake aingie akademi. Baba yake hataki hata kusikia, anasema amalize kwanza la saba. Hela ya korosho ikitoka tutakua na kiasi kidogo, je nimpeleke au nifanyeje? (Mama wa Shangani)

JIBU: Dada yangu hongera, na pole kwa kuvutwa huku na huku. Ntakwambia moja kwa moja, kwa sasa mtoto abaki nyumbani. Sio kwamba Dar hamna kitu, Dar ndo kuna viwanja, kuna klabu ya Gymkhana, kuna makocha, na mashindano mengi ya taifa ndo yanakofanyika. Ila mtoto wa miaka 11 ukimtoa kwa mama yake ukampeleka kwa shangazi ambae nae ana watoto wake na shida zake, aanze kuamka saa kumi na moja kugombania daladala, shule mpya, marafiki hana, jioni mazoezi na watu asiowajua, baada ya miezi michache unakuta raketi iko juu ya kabati na mtoto hataki hata kuulizwa. Umri huo kinachomrudisha mtoto kiwanjani kesho ni kwamba anaupenda mchezo na kuna mtu wake amekaa pembeni anamwangalia. Vyote viwili anavyo hapo Shangani.

Sasa kuna kitu kweli anakikosa, na mzee amekiona ila kakipa dawa siyo. Anakosa wapinzani. Hao wakubwa anaowafunga wanacheza kwa ajili ya afya, wanapiga mipira miwili mitatu wa nne wanapeleka nje wenyewe. Fanya hivi, kesho jioni nenda ukae pale uhesabu mpira unavuka neti mara ngapi kabla pointi haijaisha. Ukikuta mara tatu, nne, basi jua binti yako bado hajaanza kushinda, ni wenzake wanakosea, na siku akikutana na mtoto wa Dar au wa Nairobi anaerudisha mipira kumi na tano bila haraka yoyote atachanganyikiwa maana hajawahi kukutana na kitu kama hicho. Akademi ya bei mbaya bila mechi haimsaidii, na mechi anaweza kuzipata bila akademi.

Kwahiyo tafuta watoto. Wawe watatu, wawe wanne, hata kama hawajui kitu, wakubwa waombwe kuachia kiwanja saa moja kila Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, wacheze wao kwa wao seti fupi za gemu nne, hata taibreki tu za pointi saba. Mikindani ni pua na mdomo, Lindi ni kama kilomita mia na kidogo tu, wazazi mkielewana watoto wanaenda asubuhi wanarudi jioni na wamecheza mechi tano sita na watu ambao hawajazoea mipira yao. Hiyo ndo shule ya tenisi.

Hela ya korosho itumie kwa safari. Likizo ya Juni na ya Desemba mpeleke kwa huyo shangazi wiki mbili, umuombee nafasi kwenye mashindano ya vijana yatakayokuwepo, acheze, afungwe, aone wenzake wanavyosimama na wanavyorudi katikati baada ya kupiga, halafu umrudishe nyumbani ayafanyie kazi hayo miezi sita. Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, mtoto akishuka basi usiku asipelekwe kiwanjani asubuhi yake, mpe siku nzima apumzike, nimeona watoto wazuri wanatolewa raundi ya kwanza kwa uchovu wa basi tu alafu mzazi anasema mtoto hana uwezo.

Muangalie Ons Jabeur wa Tunisia. Mama yake ndo alimshikisha raketi akiwa na miaka mitatu, klabu yao pale Sousse haikua na viwanja vyake wakawa wanafanya mazoezi kwenye viwanja vya mahoteli. Alipofika miaka 12 ndo akaenda Tunis, na alipelekwa sekondari ya michezo, yaani masomo na mazoezi sehemu moja. Mwaka 2011 akachukua ubingwa wa mabinti wa French Open. Mtu angesema mwakani huyu ni bingwa wa dunia, lakini kombe lake la kwanza la WTA, yale mashindano ya kulipwa ya wanawake, kalipata 2021 pale Birmingham, miaka kumi mizima baadae, na 2022 ndo akafika namba 2 ya dunia na kucheza fainali ya Wimbledon. Miaka kumi dada yangu, na huyo alikua tayari bingwa wa French Open ya watoto. Mzee wa kiwanjani mwambie kwa heshima zote, shikamoo baba, bado mapema.

Baba yake nae yuko sahihi kuhusu shule, ila msimfanye mtoto achague. Ntaeleza zaidi kwenye swali la baba wa Tandahimba hapo chini, shule ndo mlango wa kutokea kwa tenisi.

Na kitu cha mwisho, hiki nakisema kwa uzito wake wote. Binti wa miaka 11 katikati ya wanaume wazima jioni, lazima wewe au mtu unaemuamini awepo. Sisemi hao watu ni wabaya, wamempa mtoto raketi na muda wao, Mungu awabariki. Lakini mazoezi yawe mahali pa wazi, asibebwe kwenye gari peke yake, asiitwe kufundishwa faragha, zawadi na vocha za simu zipitie kwako, na akisafiri kwa mashindano awepo mwanamke mnaemjua. Kocha mzuri hatakasirika ukimwekea hayo masharti, atakushukuru.

SWALI: Kocha, kijana wangu ana miaka 7, tuko Mikindani. Raketi anayotumia ni yangu mimi. Kila mpira ukidunda unampita juu ya kichwa, anapiga kwa mikono miwili kama anakata mti. Atazoea akikua? (Baba, Mikindani)

JIBU: Hatazoea kaka, atajifunza vibaya na itakua kazi kumtoa huko. Mpira wa kawaida wa njano ukiuachia kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu unatakiwa urudi juu kati ya sentimita 135 na 147, ndo kanuni ya kuutengeneza. Sasa mwanao ana urefu gani? Mpira unafika usoni, nae anajibu kwa kuinua mikono juu, hana kosa lolote.

Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, tangu 2012 linataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka yachezwe kwa mipira ya taratibu. Kuna mwekundu ambao kasi yake ni pungufu kwa asilimia 75, wa machungwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25. Mtwara mjini sidhani kama utaingia duka ukaikuta, hivyo chukua mipira ya njano iliyochoka, ile wakubwa wanayoitupa, toboa kidogo na sindano nene upepo utoke. Itadunda chini kifuani kwake na ataanza kupiga fohandi, lile pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, kama inavyotakiwa.

Raketi, yako ni inchi 27 bila shaka. Umri wake ni inchi 23. Asimame wima, aishike mkononi aiachie ining'inie pembeni ya mguu, kichwa cha raketi kikigusa chini au kikikaribia hiyo ndo saizi yake, ikiburuza ni kubwa. Kwenye mitumba huwa zinapatikana, angalia nyuzi zisiwe zimekatika na fremu isiwe na ufa, gonga kwa kucha usikilize.

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 13, niko kidato cha kwanza Lindi mjini. Nilienda mashindano Dar mara moja. Mwenzangu kila mpira wangu ukiangukia kwenye mstari anasema auti. Sikujua nifanye nini nikaanza kulia, nikafungwa 6-1, 6-0. Mtu aliyetupeleka akanigombeza mbele ya wenzangu eti nadeka. Sasa wanataka twende tena na mimi naogopa. (Binti wa Lindi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nataka uisome hii taratibu.

Kwanza kulia. Roger Federer alipokua mdogo alikua akifungwa analia sana, na alikua anarusha raketi pia mpaka watu wanamshangaa. Huyohuyo 1998 akachukua Wimbledon ya vijana na 2003 akachukua ya wakubwa, na hata alivyokua bingwa watu walimuona analia mbele ya dunia nzima. Kulia maana yake unajali. Aliekugombeza mbele ya wenzako alikosea, na kama anasoma hapa namuomba akuite akuombe radhi, mtoto aliesafiri kutoka Lindi akaingia kiwanjani peke yake anahitaji maji ya kunywa na mkono begani.

Sasa sheria, maana hapa ndo uliumizwa, na hujaumizwa kwa sababu huna uwezo ila hukuambiwa. Mashindano ya vijana mechi nyingi hazina mwamuzi wa kukaa kwenye kiti. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake. Mpira ukigusa mstari hata kidogo ni ndani. Ili useme auti ni lazima umeona nafasi kati ya mpira na mstari, ukiwa na wasiwasi basi mpira ni wa mwenzako, ni ndani. Na inasemwa hapohapo kwa sauti, sio baada ya kufikiria.

Mwenzako akisema auti na wewe umeona ndani, mara ya kwanza muulize kwa upole, "una uhakika?" Akisema ndio, endelea. Ikitokea tena, na tena, usipige mpira mwingine. Simama, nenda kwenye neti, mwambie naomba rifa aje. Hii ni haki yako, wala sio utovu wa adabu. Rifa wa mashindano huwa anazunguka viwanjani, atakuja asimame hapo, na akisimama utashangaa jinsi mistari inavyokua mirefu ghafla. Ambacho hutakiwi kufanya ni kulipiza kwa kumdhulumu na yeye. Hapo mtakua wawili na hamna atakaekusikiliza.

Halafu kabla ya kila sevu yako, ule mpira wa kuanzisha pointi, sema pointi kwa sauti, thelathini kumi na tano, arobaini sawa, asikie. Ugomvi mwingi wa watoto unaanzia hapo, kila mtu ana hesabu yake.

Na kuna jibu lingine la kiwanjani kabisa. Acha kulenga mstari. Chora kichwani kiwanja kidogo ndani ya kile kikubwa, mita moja kutoka kila mstari, na mipira yako yote iende humo. Wewe unatoka Lindi, unajua kusi inavyopuliza miezi ya Juni Julai, mpira uliopigwa pembeni unasukumwa nje, kwahiyo hiyo mita moja itakusaidia hata nyumbani. Bingwa wengi wa umri wako wanashinda kwa kurudisha mpira katikati ya kiwanja mara nyingi kuliko mwenzao, hamna siri.

Kati ya pointi na pointi sheria inakupa sekunde 25, na mkibadilisha upande sekunde 90. Watoto wanakimbilia pointi inayofuata wakiwa bado na hasira ya iliyopita. Wewe geuka, mpe mgongo mpinzani, tembea mpaka nyuma ya kiwanja, nyoosha nyuzi za raketi kwa vidole moja moja, vuta pumzi ndani toa taratibu, futa uso. Machozi yakija yafutwe hapohapo na taulo, hamna anaekukimbiza. Fanya hivi kwenye mazoezi pia, hata ukicheza na kaka yako, mpaka izoeleke.

Nenda mwanangu. Ukirudi nitakuuliza ulimuita rifa au hukumuita, matokeo utanitajia ukipenda.

SWALI: Kocha salaam kutoka Tandahimba. Kijana wangu ana miaka 14, anasoma bweni Mtwara, anacheza tenisi vizuri sana kwa kweli. Nasikia kuna orodha ya dunia ya vijana, anaingiaje huko, na akishaingia anaanza kulipwa lini? Mimi ni mkulima wa korosho, nataka nijipange mapema. (Baba, Tandahimba)

JIBU: Kaka unauliza kama mtu anaepanga shamba, nimependa. Nianze na la hela ili usijipange vibaya, mashindano ya vijana ya ITF hayana zawadi ya fedha. Hata akiwa namba 1 ya dunia ya watoto, hela ya ushindi hamna. Nauli, malazi, chakula, kiingilio, vyote ni vyako au vya mfadhili au vya chama. Kwahiyo mtu akikwambia uza ekari za mikorosho maana kijana akiingia kwenye orodha mtarudisha, mkatalie.

Inavyokua ni hivi. Mchezaji anaruhusiwa kuanzia siku anatimiza miaka 13 mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza 18. Anajisajili kwenye mtandao wa ITF anapewa namba ya utambulisho inaitwa IPIN, bila hiyo hawezi kuombewa nafasi. Mashindano yana madaraja, ya chini kabisa ni J30, halafu J60, J100, J200, J300, J500, juu yake ndo Grand Slam za vijana, yaani yale manne makubwa kabisa, Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Namba inakuambia pointi za bingwa wa singo, yaani mmoja kwa mmoja, anaeshinda J30 anapata 30, anaeshinda Grand Slam ya vijana anapata 1,000. Orodha inahesabu matokeo sita bora ya singo na robo ya pointi za sita bora za dabo, yaani wawili kwa wawili. Kwahiyo hamna haja ya kukimbia kila wiki nchi tofauti, sita nzuri zinatosha kumuonyesha mtoto.

Ila kabla ya hapo kuna ngazi ambayo wazazi wengi wanairuka. Acheze kwanza mashindano ya vijana ya ndani, ajulikane na chama cha tenisi Tanzania, TTA, maana timu za kwenda mashindano ya kanda ya Afrika Mashariki ya chini ya miaka 14 na 16 zinachaguliwa na chama, na huko mtoto anasafiri na timu na kocha. Kijana wa 14 wa kwako yuko kwenye umri huo hasa. Ukiona anafika nusu fainali huko, hapo ndo uanze kufikiria J30 ya jirani, kwa mfano zikifanyika Nairobi, ambapo mnaweza kufika kwa basi.

Karatasi zianze leo. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwa sababu kila kitu cha vijana ni umri, na majina ya kwenye cheti, ya shuleni na ya kwenye pasipoti yafanane herufi kwa herufi. Nimeshuhudia mtoto anabaki Dar wenzake wanaondoka kwa sababu shuleni anaitwa hivi na cheti kinasema vile. Hilo halihitaji kipaji, linahitaji baba aamke asubuhi aende wilayani.

Sasa kuhusu kulipwa, ngoja nikupe picha. Gaël Monfils wa Ufaransa, 2004 alichukua Grand Slam tatu za vijana mwaka mmoja, Australia, Ufaransa na Wimbledon. Alikuja kua mchezaji mkubwa, kapata hela na heshima, lakini Grand Slam ya wakubwa hakuwahi kuchukua hata moja. Upande mwingine, 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, binti aliyelelewa na bibi yake Nairobi yeye na pacha wake baada ya mama yao kufariki kwenye uzazi, alishinda dabo ya mabinti Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kuchukua taji la Grand Slam. Ile fainali waliwafunga Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, ambae wazazi wake wametoka Kongo. Mboko alifungwa siku ile, na 2025 akawa bingwa wa Canadian Open ya wakubwa kule Montreal akimfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Kwahiyo matokeo ya utotoni yanakuambia mtoto yuko njiani, hayakuambii atafika wapi wala lini.

Na Okutoyi baada ya Wimbledon alienda wapi? Chuo kikuu, Auburn, kule Alabama Marekani, akasoma na kuchezea timu ya chuo. Akiwa mwanafunzi akaenda Accra Machi 2024 akarudi na dhahabu ya singo ya Michezo ya Afrika. Hii ndo njia ambayo ningependa baba wa Tandahimba aione kuliko ile ya kulipwa. Vyuo vya Marekani vinatoa ufadhili wa masomo kwa wacheza tenisi, ada, malazi, chakula, makocha, viwanja, vitu ambavyo wewe na mimi hatuwezi kuvilipia. Makocha wa vyuo wanaangalia matokeo ya ITF, video, na cheti cha shule. Kijana mwenye fohandi kali na division ziro hawamchukui, hawaruhusiwi. Kwahiyo hapo bweni ongea na mwalimu wa michezo na wa taaluma wote wawili, mazoezi yawe na ratiba, na Kiingereza kisome kweli maana barua pepe kwa kocha wa chuo ataiandika mwenyewe.

Hela yako ya msimu ya mwaka huu, pasipoti, safari mbili za Dar, viatu viwili (kiwanja cha saruji kinakula soli vibaya), na nyuzi za akiba. Ikibaki, weka.

SWALI: Mwanangu wa kiume miaka 12 analalamika goti, chini ya kile kifuniko kuna nundu inauma akiruka. Kocha wake anasema ni uvivu. (Mama, Masasi)

JIBU: Sio uvivu mama. Watoto wa kati ya miaka 10 na 15 wanaokua haraka na kucheza sana huwa wanapata maumivu hapohapo, msuli unavuta mfupa ambao bado laini. Mpeleke hospitali aangaliwe na daktari, usimkande na mafuta ukamrudisha kiwanjani. Akiwa anasubiri, kuruka na kukimbia vipungue mpaka yaishe maumivu, anaweza kupiga mipira akiwa amesimama. Kipimo ambacho wataalamu wa tiba ya michezo wanashauri ni saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, yaani miaka 12 saa 12, na hapo weka na ule mpira wa miguu anaocheza jioni maana goti ni lilelile. Huyo kocha muonyeshe hili jibu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Nachingwea. Watoto wameona tenisi kwenye simu wanataka, hatuna kiwanja, hatuna raketi, hela hamna. Naanzaje? (Mwalimu, Nachingwea)

JIBU: Mwalimu wangu kiwanja unacho. Si mna cha netiboli? Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Kiwanja kizima cha tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97, kinaingia humo ndani na nafasi inabaki, nyuma ni padogo lakini kwa watoto panatosha. Ila usianze na kizima. Kiwanja cha watoto wadogo ni mita 11 kwa kama 6 hivi, kwahiyo ukivichora kwa kukata upana wa netiboli unapata vinne, watoto wanane wanacheza kwa wakati mmoja na wengine wanane wanahesabu pointi. Wakubwa wa darasa la tano la sita watumie kiwanja cha mpira wa wavu, mita 18 urefu, ndo urefu uleule wa kiwanja cha tenisi cha watoto wa mpira wa machungwa. Wavu ushushe mpaka sentimita 80, au funga kamba uning'inize vitambaa.

Raketi kata vibao vya plaiwudi, mpini uzungushie mpira wa baiskeli usiteleze. Mipira omba ile iliyochoka huko Mtwara na Lindi, waambie watu wasiitupe.

Shida kubwa itakua udongo. Kwenye mchanga mpira haudundi, unakufa palepale, na watoto watachoka siku hiyohiyo. Tafuta udongo wa kichuguu, unaujua, uleule watu wanaosilibia sakafu za nyumba. Australia viwanja vingi vya zamani vya vijijini vilijengwa kwa udongo huo. Uponde, uchekeche, mwaga tabaka la kiganja, mwagia maji jioni, asubuhi shindilia kwa gogo au pipa lililojaa maji, rudia mara kadhaa mpaka ukikanyaga na kisigino hakiachi alama. Anza na kimoja kidogo cha mita 11, usijichoshe na eneo lote. Upande mmoja uinuliwe kidogo maji yatoke, fanya kabla ya mvua za Desemba, na siku mvua imenyesha asikanyage mtu mpaka pakauke kabisa.

Mechi zianze wiki ya kwanza hata kama hawajui kupiga, wajifunze kuhesabu pointi na kusema ndani au auti kwa ukweli. Mkishapata watoto kumi na mbili wanaoweza kurudisha mpira mara tano, waandikie walimu wa Masasi, sio mbali na ninyi, mkutane Jumamosi moja kila mwezi. Mistari tumia chokaa, au majivu kama chokaa hamna, ila majivu itabidi mchore upya kila asubuhi.